Karabai, Koroboi na Injini za Ndege

Ndugu zangu tuliosoma Ngara na Biharamulo, sidhani kama yuko kati yetu asiyejua kuwasha karabai. Mafuta ya taa yamo ndani, pampu ni nzima, kiberiti kiko mkononi. Lakini ukiyawasha mafuta yakingali baridi utapata moshi na masizi tu. Sharti kwanza umimine spiriti kidogo, uiwashe, bomba lipate moto, ndipo mafuta yageuke mvuke na mwanga utokee.

Waliobuni injini za turbaini walikumbana na jambo hilo hilo. Mafuta yenyewe hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke upesi hata penye baridi. Mafuta ya taa huchelewa. Dizeli ni nzito zaidi, hupulizwa kwa matone makubwa, na cheche hushindwa kuyageuza mvuke kabla upepo wa injini haujayapeperusha. Wajerumani walipoiingiza vitani ndege ya Me 262 mwaka 1944, injini yake ya Jumo 004 iliwashwa kwa petroli, kisha ikishika kasi ikahamishiwa mafuta mazito yaliyofanana na dizeli. Spiriti ya karabai hiyo! Naye Mwingereza Frank Whittle, alipoijaribu injini yake tarehe 12 Aprili 1937, aliiona ikizidi kasi na kukataa kuzimwa, kwa kuwa mafuta yaliyovuja yalikuwa yametuama ndani. Watu wakatimua mbio.

Huku kwetu jeti ya abiria haikuchelewa. Comet ya BOAC, iliyoondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg kwa safari ya kwanza ya kawaida ya jeti, ilitua Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu. Ilichoma mafuta ya taa, ndugu wa yale ya koroboi, ila yamesafishwa kwa uangalifu zaidi.

Wakati huo jeshi la anga la Marekani lilikuwa limechagua JP-4, mchanganyiko wa petroli na mafuta ya taa. Yaliwaka kwa urahisi kwenye baridi na juu angani. Lakini kilichorahisisha kuwasha injini kilirahisisha pia kuwasha tangi. Mafuta ya ndege ya Jet A-1 hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie sentigredi 38 au zaidi. JP-4 hufanya hivyo hata chini ya sifuri. Tarehe 8 Desemba 1963 radi iliipiga Boeing 707 ya Pan American karibu na Elkton, Maryland, matangi yake yakiwa na mafuta ya aina zote mbili. Mvuke ulilipuka, watu 81 wakafa. Hata hivyo jeshi hilo halikuiacha kabisa JP-4 mpaka miaka ya 1990. Naona walichelewa mno.

Nchini kwetu, ukame wa miaka ya 1990 ulipopunguza maji ya mabwawa, turbaini za Ubungo zilichoma mafuta ya ndege, hadi gesi ya Songo Songo ilipofika mwaka 2004. Ngara na Biharamulo tulipewa jenereta za dizeli, ambazo hazihitaji cheche: hewa iliyoshindiliwa hupata joto la kuyawasha mafuta.

Jenereta hizo na malori ndiyo yaliyotuletea balaa la uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, wafanyabiashara wakayachanganya katika dizeli, na kwa kuwa hayalainishi pampu kama dizeli, injini zikaumia. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane. Sipingi shabaha hiyo. Lakini mama wa Rulenge au Nyakahura hakuwa na lori wala jenereta. Alikuwa na koroboi, akalipa bei ile ile, na mtoto wake akapunguziwa saa za kusoma usiku.