Njia panda ya Kasomeno

Ndugu wahitimu, mimi ni mtoto wa Kasomeno, pale njia inayotoka Lubumbashi inagawanyika, moja inaenda Kasenga, ingine Pweto. Toka utoto tulihesabu makamyo. Sasa serikali yetu na ya Zambia zimekubaliana barabara yenye peaji toka Kasomeno mpaka Mwenda, na daraja juu ya mto Luapula. Shaba itavuka mbio. Mwanafunzi je?

Zamani mkoloni ndiye aliyeamua nani asome ng'ambo. Thomas Kanza alipoingia Louvain mwaka 1952 alikuwa mlei wa kwanza wa kwetu kusoma chuo kikuu Ubelgiji. Alimaliza 1956, mwaka ule chuo kikuu cha Élisabethville, hiki chetu cha leo, kilipofungua milango. Lakini ile ilikuwa ruhusa tu. Wakikunyima, utashtaki wapi?

Haki iliandikwa 1997 kule Blantyre, katika Itifaki ya Elimu ya SADC, na mwaka huo huo Kongo iliingia SADC. Someni kifungu cha 7: vyuo vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi zingine za SADC, miaka 10 baada ya itifaki kuanza kazi (ilianza 2000) walipe minerval kama wenyeji, na masharti ya uhamiaji yalegezwe polepole mpaka yaishe.

Ya minerval niliikuta kweli Afrika Kusini. Kilichonitesa ni viza. Chuo kilinikubali mwezi wa 11. Nikatafuta karatasi ya polisi, ushahidi wa pesa, bima ya afya ya kule kule. Kila nikirudi, karatasi moja inakosekana. Mwezi wa 2 masomo yakaanza, pasipoti yangu ingali ofisini. Mama akaniuliza: "Si balikukubali? Sasa banakatala nini?" Nilinyamaza.

Nilifika mwaka uliofuata. Huko nikamkuta Mkongo mwenzetu, mwanafunzi, anaosha vyombo usiku mgahawani. Tajiri alimlipa nusu, akimtisha kwamba ataita polisi. Kumbe viza ya masomo inaruhusu kazi masaa 20 kwa wiki! Nikamsomea kanuni ya uhamiaji ya nchi ile, polepole, kwa Kiswahili. Akauliza paka kitu kimoja: iko ukurasa gani? Akaupiga picha, akavaa koti, akaenda kazini.