Chumba cha Habari

Tusemapo "chumba cha habari", wengi hufikiria meza na simu. Mimi naona neno hili hutaja watu zaidi ya kuta. Mwaka 1972, Dar es Salaam, The Standard, gazeti la serikali, na The Nationalist la TANU yaliunganishwa, likazaliwa Daily News chini ya mhariri Benjamin Mkapa. Vyumba viwili vya habari vikawa kimoja, maana waandishi wote sasa walijibu kwa mhariri mmoja. Leo mwandishi hutuma habari kwa simu ya mkononi akiwa Kariakoo. Meza anaweza kuikosa. Akikosa mhariri wa kumwuliza, "Nani kakwambia?", basi alichotuma ni uvumi.