Kupimwa kwa Jicho

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata boriti katika delta ya Rufiji, upande wa Simba Uranga. Mpaka anakufa alikuwa na kamba moja ya mafundo ambayo hakumwazima mtu. Mkoko ukishakatwa na kuburutwa hadi majini, shina lake lilizungushiwa kamba ile, ndipo mti ukaitwa jina lake: pau, mazio, boriti, nguzo. Kisha miti ilipangwa kwa korija, ishirini ishirini, ikapakiwa jahazini. Ilikwenda Unguja, mingine ikavuka hadi Arabuni, na upana wa vyumba vya nyumba za mawe za pwani nzima ulifuata urefu wa boriti. Nahodha aliweza kubishia bei kutwa nzima. Kubisha kwamba mazio ni pau hakuweza, kwa sababu kamba ipo.

Nilimkumbuka babu mwaka 2009, nikiwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, matokeo ya rotesheni ya magonjwa ya ndani yalipobandikwa ukutani. Kwenye mtihani wa kuandika nilipata B+. Alama za wodini, zile anazotoa daktari bingwa baada ya kukuona kwenye raundi kwa wiki nane, zilikuwa 52. Fomu ilikuwa na nafasi ya maoni, mistari minne mizima. Yangu iliandikwa neno moja la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni “mkimya”.

Chuo sikitaji, wala bingwa simtaji. Yeye mwenyewe nina hakika hanikumbuki.

Nilikulia Mbwara, kusini mwa Mto Rufiji. Kwetu ukimkuta mkubwa unatoa shikamoo, unasubiri marahaba, halafu unasubiri tena mpaka uulizwe. Kudakia maneno ya mkubwa ni utovu wa adabu, na mama yangu alikuwa na fimbo ya mpera kwa ajili ya jambo hilo. Wodini, kudakia ndiyo elimu yenyewe. Wenzangu waliosoma mjini walijua kwamba bingwa akiuliza sababu za ini kuvimba, swali halina mwenyewe. Limepigwa kama mpira wa kona, anayeruka kwanza ndiye anayefunga. Mimi nilikuwa nimesimama mguuni pa kitanda, sababu sita kichwani, nikingoja kutajwa jina.

Siku zile nilikasirika tu. Baadaye hasira ikageuka udadisi, nikaanza kutafuta alama hii ya jicho ilitoka wapi.

Kabla ya hospitali, huku kwetu mwanafunzi wa uganga hakupewa alama. Alipewa mkoba. Alimfuata mzee wake porini miaka mingi, akichimba mizizi, akibeba, akikosea, akitukanwa, mpaka siku mzee aliporidhika au alipoona kifo kinakaribia. Hakukuwa na C ya uganga: mkoba unao au huna. Ila baada ya mzee palikuwa na mtahini mwingine, naye ni mgonjwa, na huyo huwa hana huruma. Ngarambe, pande hizi hizi za kusini mwa Rufiji, ndiko alikotoka Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwezi Agosti 1905. Maji yake ya kuzuia risasi yalitahiniwa na risasi zenyewe.

Jambo ninalolitazama katika mkoba ni muda. Aliyeutoa alikuwa amemwona mwanafunzi wake kwenye mvua na kwenye jua, akiwa na njaa, akiwa na kiburi. Jicho lilikuwa jicho, halikuwa kamba, lakini lilikaa.

Uingereza nako walianza na maneno matupu. Mtahiniwa aliulizwa vitabu, akajibu vitabu, akapewa hati ya kuwashika watu matumbo bila mtu kumwona akishika hata tumbo moja. Mwaka 1842, pale Cambridge, George Paget alianza kuwatahini wanafunzi kando ya kitanda cha mgonjwa. Huko ndiko ilikotoka kesi ndefu tunayoijua: unapewa mgonjwa usiyemjua, unamhoji, unampima, kisha unasimama mbele ya wakubwa wawili na moyo mkononi. Lilikuwa jambo la haki kuliko lililokuwepo. Ninakiri hilo, ingawa limenitoa jasho.

Likaja kwetu kwa njia ya Uganda. Mafunzo ya udaktari ya Makerere yalianza Mulago miaka ya 1920, na Watanganyika wa kwanza kuwa madaktari walipita huko. Hao nao walipewa alama ambayo hakuna kujisomea kungeibadilisha. Walimaliza masomo marefu, wakarudi nyumbani na cheo chenye neno “msaidizi” ndani yake na mshahara wa chini ya Mzungu waliyefanya naye kazi ile ile. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuja kuitambua shahada ya Makerere mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wengine walishaota mvi. Mmoja wao, Dkt. Vedasto Kyaruzi, alikuwa rais wa Tanganyika African Association (TAA) mwaka 1950. Serikali ikamhamishia hospitali ya gereza la Kingolwira, Morogoro. Nimewahi kujiuliza kama kwenye faili lake palikuwa na nafasi ya maoni, na kama naye aliandikiwa neno moja. La mkimya haliwezi kuwa.

Chini ya madaktari walikuwepo madresa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 Waingereza waliwachukua vijana, wakawaweka hospitali miezi kadhaa wajifunze kusafisha vidonda na kugawa dawa chache, kisha wakawarudisha kwenye zahanati za serikali za wenyeji. Wazee wa kwetu mpaka leo ukitaja zahanati wanasema “kwa dresa”. Na kwenye mstari huo wa madresa ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba alikuwa mganga wa vijijini. Alichukuliwa baada ya darasa la saba, wakati wa wimbi la zahanati lililofuata Azimio la Arusha, redio ikiimba kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Alifanya kazi miaka 31, nyingi kati ya hizo kaskazini mwa mto, pande za Bungu. Nilipobandikiwa ile 52 nilipanda basi la barabara ya Kilwa nikaenda kumwona kwetu kusini mwa mto, alikorudi baada ya kustaafu. Basi lilipita juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa 2003. Zamani ungesubiri pantoni ya Ndundu na kupata muda wa kubadili mawazo ukarudi. Nilikuwa nimeshaamua kuacha.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula. Ndipo akasema:

“Mjomba, mimi miaka thelathini na moja. Kila mwaka yupo mtu kaniandika ripoti ya siri. Sijasoma hata mstari mmoja. Wewe umesoma neno lako, unalia?”

Ripoti ya siri vijana wa leo hawaijui. Mtumishi wa umma aliandikiwa tathmini na mkubwa wake kila mwaka, ikafungwa, ikaenda makao makuu, na yeye mwenyewe hakuoneshwa. Aliyajua yaliyoandikwa kwa dalili tu: mwenzake kapanda cheo, yeye kabaki. Mwaka 2004 Serikali ilileta mfumo wa wazi, OPRAS, ambao mtumishi alikaa na mkubwa wake na kutia saini. Mjomba ulimkuta akiwa mlangoni anatoka. Alisema aliusaini mara moja, kalamu ikawa inateleza kwa kutozoea.

Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolisimulia kwa raha, na ndilo lililonizuia kuacha shule. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rufiji ilikuwa moja ya wilaya mbili, pamoja na Morogoro, zilizochaguliwa kwa mradi wa afya wa TEHIP, na watafiti wa afya wa Ifakara walianza kupita nyumba kwa nyumba wakihesabu waliozaliwa na waliokufa. Waganga wa zahanati walifundishwa utaratibu mpya wa kumtibu mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, wasiishie kwenye homa tu. Baada ya mafunzo alikuja msimamizi na karatasi ya kutia vema. Akavuta kiti, akakaa pembeni ya mjomba asubuhi nzima, mtoto baada ya mtoto: kahesabu pumzi? Kauliza kama ananyonya?

“Mtu wa kwanza kunitazama nikifanya kazi,” mjomba alisema. “Mwaka wa ishirini na tano huo.”

Vifo vya watoto chini ya miaka mitano wilayani vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka michache. Karatasi ya vema peke yake haikuleta hayo. Dawa ziliwahi kufika, na fedha zilipangwa kufuata maradhi yenyewe. Mjomba hata hivyo aliihesabu ile asubuhi kuwa ndiyo mtihani pekee aliowahi kufanya tangu atoke chuoni.

Sasa rudi wodini kwangu. Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1963, ikawa Kitivo cha Tiba mwaka 1968, na mwaka 1976 iliunganishwa na Hospitali ya Muhimbili, mwalimu na wodi wakawa chini ya paa moja. Waliosoma miaka ile wanasimulia raundi za wanafunzi wachache, mwalimu anayejua kijiji chako na udhaifu wako. Mwalimu wa namna hiyo akikuandikia kwamba hujiamini, ameona. Kisha vyuo vikaongezeka, jambo la heri kwa nchi isiyo na madaktari wa kutosha: Hubert Kairuki na KCMC mwaka 1997, Bugando 2003, kisha Dodoma. Wanafunzi wakawa wengi kuzunguka kitanda kimoja, bingwa akawa na kliniki, vikao na safari. Fomu ikabaki ile ile. Kalamu ikabaki na nguvu ya mzee wa mkoba, wakati jicho lilikuwa limebakiwa na dakika tano.

Jicho la dakika tano lina kasoro iliyojulikana zamani. Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama walio chini yao. Aliona kwamba aliyesifiwa kwa umbo alisifiwa pia kwa akili, uongozi na tabia, kama vile sifa zote zimechotwa mtungi mmoja. Ndivyo ilivyo wodini. Anayesema kwa sauti anaonekana pia anajua kupima wengu.

Ili kuliponya hilo, Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, alitangaza mwaka 1975 mtihani wa vituo, OSCE, ambao wanafunzi wetu wanauita oski. Kengele inalia, unaingia, karatasi ya vema ni moja kwa wote. Hiyo ndiyo kamba ya babu, na ninaipenda. Ila haina fundo la kupima kama utaamka saa nane usiku kumwangalia mgonjwa ambaye hakuna atakayejua kama umemwangalia, kwa hiyo alama za wodini hazikuondoka. Marekani mwezi Januari 2022 waliufanya mtihani wao mkubwa wa kwanza wa leseni kuwa wa kufaulu au kufeli tu, bila alama. Uzito ukahamia kwingine, na alama za wodini zikabeba sehemu yake.

Mjomba hakuniambia nivumilie. Aliniambia, “Nenda kamuulize alikuona siku ngapi.”

Nilikwenda. Nilikaa nje ya ofisi ya bingwa siku mbili. Swali lenyewe sikuliuliza hivyo, adabu ya fimbo ya mpera haiishi kwa safari moja ya basi. Nilimuuliza ni kitu gani nikikifanya rotesheni ijayo mwalimu atakiona. Alikuwa mtu mwema. Alifungua daftari, akalifunga, akasema fomu zetu zote zilijazwa mchana mmoja, yeye na rejista, kwa kukumbuka sura. Halafu akasema: kila raundi, omba kupresenti mgonjwa wa kwanza, kabla woga haujakaa.

Ile 52 haikubadilika. Magonjwa ya watoto nilipata B. Upasuaji nilipata C, na bingwa wa upasuaji aliandika kwamba naongea sana.

Siku hizi kalamu ninayo mimi, katika hospitali ya wilaya. Wanafunzi wa utabibu huletwa kwetu kwa mazoezi, na mwezi uliopita nilikuwa nazijaza fomu zao mezani, chai ikipoa. Nikafika kwa binti mmoja. Sura yake niliikumbuka, ushungi wake wa bluu niliukumbuka, siku zote akiwa nyuma ya wenzake. Daftarini nilikuwa na mistari miwili mitatu kwa kila mmoja wao. Kwake palikuwa patupu. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

Nilimwita, tukaenda wodi ya wanawake, kitanda cha sita, kwa bibi mmoja wa Mohoro aliyelazwa kwa moyo. Nikavuta stuli nikakaa pembeni, nikamwambia aanze mwanzo, ampime kama vile mimi sipo. Akasogea, akapiga goti kidogo.

“Shikamoo, bibi.”

Bibi alikuwa amefumba macho. Binti hakumgusa. Alisimama, stetoskopu mkononi, akingoja marahaba.