Mtufaha wa Southwell na Jina la Mwenye Bucha

Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell, Nottinghamshire, Uingereza, binti aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Mche mmoja ukashika bustanini. Baadaye Mary Ann aliolewa, akahama, na hadi anafariki mwaka 1852 hakujua kwamba matunda ya mti ule yangeingia jikoni kwa Waingereza wengi.

Nyumba yenye bustani ile ilinunuliwa mwaka 1846 na Matthew Bramley, mwenye bucha. Miaka kumi baadaye kijana wa miaka 17, Henry Merryweather, aliyaona matufaha ya mti ule, makubwa, ya kijani, yenye ugwadu unaofaa kupikia, akaomba vikonyo akabebeshe kwenye mashina mengine. Bramley akakubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Mwaka 1862 daftari la Merryweather likaandika mauzo ya matufaha matatu ya Bramley kwa shilingi mbili. Mwaka 1876 tunda likasifiwa na chama cha kifalme cha kilimo cha bustani. Jina likashika. Kwangu mimi, heshima hiyo ilimstahili Mary Ann.

Merryweather hakuomba mbegu, na alikuwa na sababu. Mbegu ya tufaha huzaa mti usiofanana na mama yake. Anayetaka tunda lile lile hana budi kuchukua tawi. Mti ukiwa umelala wakati wa baridi, hukatwa kikonyo chenye macho matatu au manne. Ncha yake ya chini huchongwa mshazari kwa kisu kikali, na shina changa la mtufaha mwingine huchongwa vivyo hivyo. Fundi hulinganisha majeraha hayo mpaka utando wa kijani ulio chini ya gome ukutane na mwenzake, kisha hufunga kwa kukaza. Utando usipogusana, kikonyo hukauka. Wakulima wa mikorosho kule Mtwara wanaifahamu vizuri kazi hii.

Mwaka 1900 dhoruba iliuangusha mti mama. Shina lililolala chini likachipua upya, mti ukaendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka mia. Lakini kuvu inayoozesha mizizi imeuingia, na haina tiba. Ndiyo maana wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nottingham walizalisha miche maabarani kutokana na tishu zake, na Chuo Kikuu cha Nottingham Trent kikachukua jukumu la kuutunza mti wenyewe. Mzee huyo hataponywa, ila uhai wake umeshahamia kwenye mashina mengine mengi.

Kama uani kwenu kuna mwembe mkongwe ambao utamu wake hamjauona kwingine, mwite fundi wa kubebesha mwaka huu huu, ungali na matawi mabichi. Tawi lililokauka halibebeshwi.