Kutoka Mgomo hadi Mazungumzo: Walimu na Uongozi katika Shule za ABC, California

Historia ya vyama vya walimu mara nyingi huandikwa kwa kuhesabu migomo. Ni nadra kuelezwa yaliyotokea baada ya walimu kurudi darasani. Makala haya yanaangalia wilaya ya shule ya ABC Unified, karibu na jiji la Los Angeles nchini Marekani.

Mwaka 1993 walimu wa wilaya hiyo waligoma kwa siku 8, kupinga mapendekezo ya kupunguza mishahara na bima ya afya na kuongeza idadi ya wanafunzi katika kila darasa. Mgomo ulikwisha, lakini uhasama ulibaki.

Mabadiliko yalianza mwaka 1999. Mkurugenzi mpya wa wilaya, Ron Barnes, na mwenyekiti wa chama cha walimu, Laura Rico, walianza na kazi ya pamoja: kuinua usomaji katika shule 6 za upande wa kusini, ambako umaskini ulikuwa mkubwa na walimu walikuwa vigumu kupatikana. Aidha, viongozi hao wawili walizoea kukutana kila wiki. Kanuni walizokubaliana zilihusu lugha hasa: kusema ukweli bila kuupaka sukari, kutofautiana bila kutukanana, na kutafuta ufumbuzi badala ya kushinda ubishi.

Watafiti Saul Rubinstein na John McCarthy walichunguza shule za wilaya hiyo kwa kuwauliza walimu wanazungumza na nani, na mara ngapi. Waligundua kwamba pale ushirikiano ulipokuwa imara, mwalimu mkuu na mwakilishi wa chama walizungumza mara nyingi zaidi, tena bila urasmi mwingi. Walimu wenyewe pia walishauriana zaidi kuhusu ufundishaji, na matokeo ya wanafunzi yalikuwa mazuri zaidi.

Je, chama kilitiwa mfukoni? La hasha. Kiliendelea kujadili mikataba ya walimu kama kawaida. Isitoshe, ushirikiano haukufa Barnes alipoondoka mwaka 2005, kwa kuwa ulikwisha kuwa desturi ya vikao, si urafiki wa watu wawili tu.

Kwa sisi tunaofundisha lugha, funzo ni hili: mawasiliano mema kazini hayaletwi na maneno matamu. Huletwa na mahali pa kukutania, siku inayojulikana, na jambo la kufanya pamoja.