Apdeti ya dakika 78

Wasee, mnakumbuka Ijumaa ya 19 Julai 2024? Saa moja na dakika tisa asubuhi, saa za Nairobi, CrowdStrike walituma apdeti ya usalama kwa kompyuta za Windows. Dakika 78 baadaye wakairudisha, lakini wapi! Mashine karibu milioni 8.5 zilikuwa zinawaka, skrini ya buluu, zinazima, zinawaka tena.

Dawa ilikuwa rahisi ajabu: washa kwa hali salama, futa faili moja ya C-00000291, washa upya. Shida ni kwamba mashine isiyowaka huwezi kuitibu ukiwa mbali. Watu wa IT walipita moja moja, mara nyingi wakiandika kwa mkono ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48. Na funguo zingine zilikuwa ndani ya seva ambazo pia zimelala.