Nani Amefariki?

"Nani amefariki?" jirani alituuliza alipotukuta alfajiri tunapakia mizigo garini. Nikamwambia hakuna msiba. "Basi ni harusi?" Wala harusi. Tunakwenda Mbulu na Hanang kutembea, mimi na mzee wangu, siku kumi, halafu turudi. Akabaki ananitazama, akingoja nimalizie.

Simlaumu. Watu wa umri wetu tulisafiri kwa uhamisho, kwa matibabu, kwa kuzika. Nasikia huko Australia wazee wakishastaafu hufunga nyumba, wakavuta kibanda cha kulala nyuma ya gari, wakaenda kaskazini kwenye joto, Queensland na kwingineko, kuitazama nchi yao kwa miezi. Sisi yetu tuliitazama kwenye dirisha la basi, barua ya kazi mfukoni. Barua yangu ilikuwa ya mwaka 1975, nayo ilinipeleka Dongobesh, wilaya ya Mbulu, mwalimu wa madarasa ya chini. Nilikaa miaka sita. Mzee wangu alikuwa dereva wa lori, akibeba ngano kutoka tambarare za Basotu kupeleka Arusha, na tulijuana siku lori lake lilipozama kwenye tope na wanafunzi wangu wakaitwa kusukuma. Tangu tuondoke hatukuwahi kurudi pamoja. Alikuwa na neno lake kuhusu Basotu ambalo alilibeba miaka yote hiyo, nitalifikia.

Kutoka Karatu barabara inapanda kwa vumbi jekundu, na kabla hujafika Mbulu mjini baridi imekwishaingia kwenye mifupa. Siku ya pili tulikwenda Kainam, juu ya mji, kwenye ukingo ule ambao ukungu ukifunguka unaona Bonde la Ufa limelala chini. Nchi hii Wairaqw wenyewe huiita Irqwar Da'aw, Wairaqw wa mashariki. Hapa ndipo kitovu chao. Jina la Wambulu walibandikwa na wengine.

Nilipokuja kijana sikuona kitu Kainam ila vilima vilivyolimwa hadi kileleni. Safari hii niliomba tupite polepole, kwa miguu. Matuta yamekata mteremko, mifereji imechimbwa ili maji ya mvua yasikimbie na udongo, magugu yamefukiwa yaoze, na samadi ya ng'ombe wanaolala ndani na watu inarudishwa shambani kwa kikapu, mwaka hadi mwaka. Kilimo hiki hakikuletwa na bwana shamba yeyote. Kilizaliwa na uhaba. Katika karne ya 19 Wairaqw walikuwa wamebanwa juu ya vilima hivi, na aliyeshuka tambarare na mifugo yake alihesabu kukutana na Wamasai. Ndiyo maana hata nyumba zao walizichimbia. Walikata mlima, wakaingiza nyumba ndani yake, wakaezeka paa tambarare la miti na udongo, na majani yakaota juu. Mvamizi angeweza kupita juu ya paa usiku asijue chini yake kuna familia na ng'ombe wao. Mama mmoja mzee alituonyesha palipokuwa na nyumba ya babu yake. Limebaki shimo refu lenye ukuta wa udongo, na ndani yake amepanda migomba. Alituambia akiwa mtoto aliwahi kuingia humo, giza tupu, joto la ng'ombe, na kwamba ndio usingizi mzuri kuliko wote aliowahi kuulala.

Wazee husimulia asili yao kwa namna ambayo mimi, kama mwalimu, siwezi kuisahau. Wanasema walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay kwa amani na shibe, mpaka vijana wakachoka amani. Wakamwendea mkuu wao, Haymu Tipe, wakamtaka awatafutie adui wa kupigana naye. Adui alipopatikana, watu wakateketea, na waliosalia wakaanza kukimbia kutoka nchi hadi nchi mpaka wakafika vilimani. Nimesikia watu wengi wakisimulia wahenga wao walivyoonewa. Hawa husimulia kosa la vijana wao wenyewe, na huwasimulia vijana.

Ufunguo wa vilima ulikuja kwa maafa ya wengine. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wa Wamasai, ndui ikaua watu, kisha Wajerumani wakaja na boma lao Mbulu. Njia zikawa wazi. Wairaqw wakashuka kaskazini kuelekea Karatu, kusini Dongobesh, na baadaye hadi chini ya mlima Hanang. Lakini nchi ile waliyoishukia haikuwa tupu.

Hilo nililiona darasani kabla sijalisoma popote. Nilikuwa na watoto wa Kiiraqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali; watoto wa Kidatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti; watoto wa Kinyiramba, Wabantu kama mimi; na mwaka mmoja watoto wawili wa Kihadza kutoka bonde la Yaeda, ambao maneno yao yana sauti za kidoko cha ulimi. Lugha za asili nne zisizo na undugu wa wazi zilikaa kwenye madawati yangu kumi na mbili. Sijui mahali pengine ambapo mwalimu wa darasa la kwanza angeweza kusema hivyo. Kiswahili kilikuwa cha kwangu na chao sawasawa, sote tulikijenga pale pale.

Kitu kingine nilichokipenda kwa watu wa Mbulu ni kwamba hawaburuzwi. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kile kimoja kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Wapiga kura wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU huyo huyo, aliyesimama peke yake bila baraka za chama. Hawakuikataa TANU wala uhuru. Walisema tu mtu wao wanamjua wenyewe.

Dongobesh nilikaa saa mbili. Shule ipo, miti niliyopanda imekatwa, mingine imepandwa. Tukateremka Dareda, tukaipata lami, na Hanang ikatokea mbele, mlima mmoja uliojitenga, wenye mita zaidi ya 3,400. Wajerumani kwenye ramani zao waliuita Gurui. Kwa Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga wa huku, ni mlima mtakatifu, na mzee wangu kila alipouona asubuhi akiwa na lori alivua kofia. Sikujua alijifunzia wapi.

Mjini Katesh mlima bado una kovu. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua, ubavu wake uliporomoka, matope na mawe na magogo yakashuka kupitia Gendabi na Jorodom hadi katikati ya mji, watu zaidi ya 80 wakafa. Mwenye gesti tuliyolala alituonyesha alama ya tope ukutani, juu ya kiuno changu. Hajaipaka rangi.

Jioni tulikaa na wazee wa mji wakatutajia wakimbiaji. John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 na akamaliza mbio gizani, watu wakiwa wamekwishaanza kuondoka uwanjani. Na wa kwao hapa Katesh, Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, kisha mita 10,000 mwaka 1982 huko Brisbane. Mama mmoja wa Kibarabaig, shanga hadi mabegani, alisikiliza habari za wanaume kwa muda, kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama kwetu wanawake wana baraza. Wao wanalo, girgwageda gademga, na mwanamume akimkosea mwanamke katika mambo yanayowahusu wanawake wote, baraza hilo hukaa chini ya mti, likamhukumu, likamtoza ng'ombe, na wanaume hawana rufaa. Nikamwambia kwetu hakuna. Alinisikitikia kweli.

Lakini Edmonton ilipotajwa, hapo nikamwona mzee wangu ametulia. Edmonton iko katika nchi ya ngano ya Kanada. Mwaka ule ule Shahanga alipokimbia kule, trekta za Kanada zilikuwa huku nyumbani kwake zinalima. Mradi wa ngano ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ya Kanada ikitoa mitambo na wataalamu, na shirika la umma, NAFCO, likaendesha mashamba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Jumla ekari kama 100,000. Kwa macho ya aliyezoea tambarare za Kanada, hapa palikuwa kama nyumbani, nyasi tupu hadi upeo.

Hapakuwa nyasi tupu. Wabarabaig walihamisha mifugo kwa majira, kila aina ya ardhi kwa wakati wake, na zile tambarare zenye rutuba, wanazoziita muhajega, ndizo zilizokuwa malisho yao muhimu. Kumwondolea mfugaji muhajega ni kumwondolea mpishi chungu na kumwachia vijiko. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Arusha iliwapa haki wanakijiji wa Mulbadaw. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, kwa hoja zikiwemo kwamba kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria, na kwamba wanakijiji hawakuwa wamethibitisha mbele ya mahakama kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyoachwa na Mwingereza. Niliisoma habari hiyo nikiwa mwalimu mahali pengine, nikawakumbuka watoto wa Kidatoga wa dawati la mbele. Wenyeji wa wapi tena, kama si wa hapo?

Na humo ndani ya mashamba mlikuwa na makaburi. Mzee wa Kibarabaig mwenye heshima akifa, ukoo humfanyia bung'ed, maziko ya miezi mingi, na juu yake huinuliwa kilima cha udongo. Mahali hapo hapasahauliki. Watoto na wajukuu hurudi kuomba. Malalamiko kwamba makaburi hayo yamelimwa yalisikika hadi Kanada.

Sasa neno la mzee wangu. Siku moja mwaka 1979, lori limejaa, alimpa lifti mzee wa Kibarabaig. Katikati ya ngano mzee akaomba washuke. Akasimama ukingoni mwa shamba, akang'oa majani mabichi ya kando ya barabara, akayashika kwa mikono miwili, akakaa kimya. Mume wangu alikuwa na haraka. Akamwuliza, "Mzee, umesahau kitu?" Akajibiwa, "Baba yangu yumo humo." Wakapanda, wakaendelea hadi Katesh bila neno. Aliendelea kubeba ngano miaka miwili zaidi. Mimi alinisimulia baada ya miaka ishirini.

Siku ya nane tulikwenda. Ziwa Basotu lilikuwa limetulia, viboko wakipumua kwenye maji ya kina kifupi. NAFCO haipo tena. Sehemu ya mashamba ilirudi kwa vijiji, sehemu ikaenda kwa wawekezaji. Mahali alipopatafuta sasa pana mahindi na alizeti, na kipande cha malisho kati yake. Aliendesha mbele, akarudi, akaendesha tena. Mwisho akazima gari popote tu, akashuka.

Kijana mwenye ng'ombe akaja mbio. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi. Gari limeharibika?"

"Marahaba. Hapana, mjukuu wangu. Nilitaka kuuliza, huku kuna makaburi ya wazee?"

Kijana akanyoosha fimbo kwenye malisho, juu ya migongo ya ng'ombe. "Lile pale. Na lile." Sisi tulikuwa tumeviona vilima hivyo njia nzima, tukidhani ni vichuguu.

Mzee wangu akaniangalia. Nikainama, nikang'oa majani kando ya barabara, nikampa yeye nusu.